Machela Haichukuliwi na Mtu Mmoja

Maneno yaliyosomwa na mwalimu wa dini mbele ya walimu na Wakristo wa vigango, wakati wa jubilei ya Jimbo



Siku hizi za jubilei tumesikia habari nyingi za kazi zilizofanyika katika Jimbo letu: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, zahanati zilizowekwa mahali palipokuwa pori. Ni vema zisemwe, na waliozifanya washukuriwe. Walakini sisi tuliopewa nafasi ya kunena leo twapenda kutaja kazi isiyoandikwa katika kitabu cho chote cha misioni, ingawa hufanyika kila siku katika kila mtaa. Kazi hiyo ni kuuguza. Hatusemi juu ya uuguzi wa hospitali, wenye mavazi yake na mshahara wake. Twasema juu ya kuuguza kwa nyumbani: mama amwuguzaye mtoto, mume amwuguzaye mkewe, mkwe amwuguzaye mama wa mumewe, bibi kizee awauguzaye wajukuu.

Neno letu ni moja tu. Desturi yetu ni kuja wengi mauti yanapokwisha kufika, na kuwa wachache mgonjwa angali hai. Mtu akifariki usiku, kabla ya jua kupanda ua umejaa watu. Wanaume wamekwisha kushika majembe ya kaburi. Wanawake wameleta ndizi, maharage, kuni na maji. Vijana wamefunga turubai. Hapana aliyeandikiwa barua, wote wamejua wajibu wao. Huo ni wema mkubwa, nasi hatutaki upungue. Lakini pengine marehemu yule alilala kitandani miezi minane, na katika miezi ile aliyemgeuza, na kumwosha, na kumlisha alikuwa mtu mmoja. Yatupasa tujiulize kwa nini msiba huwa na watu na ugonjwa hukosa watu.

Wazee walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aonaye kanda limefura juu ya kichwa cha mwenziwe hudhani ni jepesi, kwa kuwa halimlemei yeye. Ndivyo tumwonavyo mwenye kuuguza. Twapita njiani, twamwambia pole, naye ajibu asante, nasi twaendelea na safari. Pole ni neno jema, lakini haliteki maji.

Tutazame kwanza jambo la jirani zetu. Katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, njia ni za kupanda na kushuka, na zamani mahali pengi hapakupita gari. Watu wa huko waliunda vyama vilivyoitwa engozi, maana yake machela. Nyumba za mahali pamoja ziliandikishana. Mtu akiugua sana, wanaume waliitwa kwa zamu, wakamlaza katika machela, wakamchukua mabegani mpaka hospitali. Waliotangulia wakichoka, wengine wakapokea. Asiyefika pasipo sababu alitozwa faini. Na Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya matibabu mwaka 1996, iliwaandikisha watu kwa njia ya vyama hivyo, maana umoja ulikuwa umekwisha kuwapo.

Sisi wa Kagera nasi twaijua machela. Basi angalieni: hapana mtu aliyewahi kudhani kwamba machela yaweza kuchukuliwa na mtu mmoja. Lakini mgonjwa yule yule akisharudishwa nyumbani na kulazwa, mzigo uliokuwa wa wanaume wanane huwekwa juu ya mwanamke mmoja. Tena safari ya kitanda ni ndefu kuliko safari ya hospitali. Haya hutokea katika kila umri wa mtu, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze na mtoto mchanga. Wako watoto wengi katika nchi yetu wazaliwao na ugonjwa wa seli mundu. Mganga mmoja wa Chicago, James Herrick, aliuandika mwaka 1910, baada ya kuona katika darubini kwamba chembe za damu ya mgonjwa wake zilikuwa zimepinda kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, viganja na nyayo huvimba, na damu hupungua. Leo anatoa, kesho acheza, wiki ijayo alia tena. Kwa sababu ya kuja na kuondoka huko, watu husema ni uchawi, au husema mama ana mkosi. Ndugu zetu, hiyo si kweli. Mtoto hupata ugonjwa huu kwa kurithi kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wenyewe aghalabu hawana dalili yo yote. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana bahati moja katika nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni kumwonea.

Na mama huyu ni mwuguzaji wa miaka mingi. Hana budi kuona kwamba mtoto anakunywa maji mengi, halali penye baridi, analala ndani ya chandarua, anameza dawa alizoandikiwa. Na homa ikipanda, hana budi kumkimbiza hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Mume akiambiwa na nduguze aoe mwingine, na majirani wakinong'ona, mama huyo hubeba ugonjwa na aibu pamoja. Tukimwondolea aibu kwa kusema kweli, tumekwisha kumpunguzia nusu ya mzigo kabla hatujamtekea maji.

Sasa tuwatazame watoto walio wakubwa kidogo, na hapa twasema hasa na walimu wenzetu. Mwalimu aita majina asubuhi, na jina la mtoto mmoja halijibiwi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mtoto aja amechelewa, nguo chafu, macho mazito, naye asinzia katika hesabu. Ni rahisi kumwita mvivu na kushika fimbo. Lakini yako majumba ambamo mtoto wa miaka 12 ndiye amwashiaye mama yake moto, amwoshaye, ampikiaye uji, na kuwafunga wadogo zake nguo kabla hajashika njia ya shule. Mtoto huyo amekwisha kufanya kazi ya mtu mzima kabla ya kengele kulia. Mwalimu, kabla ya kumwadhibu mtoto, muulize kwa faragha: nyumbani ni nani mgonjwa? Ukisikia jibu, usilifanye habari ya darasa zima. Mwambie mwalimu wa dini au mzee wa mtaa, ili watu wazima washike kazi iliyo ya watu wazima, na mtoto arudi kwenye daftari lake.

Sisi tulio na miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto wa namna hiyo, au tuliketi dawati moja na watoto hao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera, nao walikuwa watatu. Hapo mwanzo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikipendwa siku zile za magendo. Baadaye hapakuwa na haja ya kuutafutia jina, maana ulikuwa umeingia kila mtaa. Walikufa wenye nguvu, wa umri wa kulima na kuzaa. Ndipo mambo yakageuka juu chini: wazee waliotazamia kuzikwa na watoto wao wakawazika watoto wao, na baada ya kuzika wakaanza tena kulea, mgongo umepinda na macho hayaoni uzi wa sindano. Bibi zetu wa wakati ule walifanya kazi mbili ambazo mtu hapaswi kuzifanya pamoja, yaani kumlilia mtoto na kumchekea mjukuu.

Dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Leo mtu azimezaye kila siku kama alivyoagizwa huweza kulima, kufundisha na kulea wanawe mpaka wakue. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini wazee wale walifundisha jambo moja lisilopasa kusahauliwa dawa zilipokuja. Bibi aliyekuwa na jirani wa kumsaidia kupalilia migomba aliweza kuwalea yatima watano. Na bibi aliyeachwa peke yake alishindwa na wawili. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Saa mbili za jembe la jirani, zilizo kidogo kwa mwenye kuzitoa, kwa mwuguzaji ni siku nzima.

Tuje kwa watu wa makamo. Hapa twataja saratani ya mlango wa kizazi, ambayo imewaua wanawake wengi katika nchi hii, hasa kwa sababu huja kimya, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Mwaka 2018 chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima. Mzazi mwenye binti asikose kuuliza habari zake katika zahanati. Mwanamke aliyekwisha kushikwa hupelekwa mbali. Taasisi ya Ocean Road, iliyo Dar es Salaam katika majengo yaliyofunguliwa na Wadachi mwaka 1897, iko zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Bukoba. Bugando, Mwanza, nayo hutibu saratani, na huko ni karibu zaidi. Lakini hata huko mgonjwa haendi pasipo mtu wa kumsindikiza, wala mtu huyo hawezi kuishi kwa hewa.

Na nani amsindikize? Wengine katika sisi wanaume tumefundishwa kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo mke akiugua muda mrefu, mume humwita mama mkwe, au dada yake, au humrudisha mke kwao, naye adhani ametimiza wajibu. Tena wako wanaume wapendao kuwauguza wake zao, ila waona haya kuonekana na beseni mkononi. Wazee wetu wa baraza, twawaomba neno moja: asichekwe mwanamume afuaye mashuka ya mkewe mgonjwa. Siku ya arusi alikubali kukaa naye katika afya na katika ugonjwa, na watu walimpigia vigelegele. Hayo mashuka ndiyo maneno yake ya siku ile.

Tufike kwa wazee. Mzee akipigwa na kiharusi, nusu ya mwili hufa ganzi, na pengine ulimi huwa mzito. Asipogeuzwa kila saa mbili, mchana na usiku, ngozi ya makalio na ya visigino huoza ikawa vidonda. Asipoketishwa wima wakati wa kulishwa, chakula huweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Hesabuni wenyewe, ninyi mlio walimu: kila saa mbili ni mara 12 katika mchana na usiku mmoja. Ni mtu gani awezaye kuamka hivyo mwaka mzima, na asubuhi akaenda shambani?

Tena uko ugonjwa wa kusahau. Mganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliueleza mwaka 1906, na namna moja ya ugonjwa huo huitwa kwa jina lake. Mzee huuliza neno moja mara ishirini. Hutoka usiku akisema aenda kwao, naye yuko kwao. Humwita binti yake kwa jina la dada aliyekufa zamani. Pengine humshtaki mkwe kwamba amemwibia. Ubongo ndio uliougua, na moyo wa mzee haujageuka kuwa mbaya. Hili lazima lisemwe kwa sauti kubwa, kwa sababu katika nchi hii wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Huko Usukumani macho mekundu yalitajwa kuwa alama ya uchawi, na macho yale yalikuwa yamefanywa mekundu na moshi wa mafiga ya miaka hamsini. Bibi aonekanaye usiku akizunguka nje pasipo kujua aendako ni mgonjwa aliyetoroka kwa mwuguzaji aliyeshikwa na usingizi. Mshikeni mkono, mrudisheni nyumbani, kisha mwulizeni yule mwuguzaji amelala saa ngapi wiki hii.

Yako pia magonjwa yasiyopona, na hapo watu husema, hakuna la kufanya tena. Ndugu, liko. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua huko London nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, ili wasife katika maumivu. Kazi hiyo ilifika Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaianzisha Kampala, ambako mofini ilichanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, ili mgonjwa aweze kuitumia nyumbani kwake. Wengine huogopa wakisikia jina la dawa hiyo, wakidhani ndiyo imletayo mauti. Ikitolewa na mganga kwa kipimo chake, kazi yake ni kutuliza. Mwenye kuuguza asione haya kumwambia mganga: mgonjwa wangu haumwi kidogo, halali kwa maumivu. Na mgonjwa apatapo usingizi, mwuguzaji naye hulala.

Sasa kifo kikija. Watu wamezika, wamekaa matanga, wamekwenda zao. Yule aliyeamka kila saa mbili usiku huamka bado saa zile zile, naye hana wa kumgeuza. Mikono yake imekosa kazi. Wengine hata huona kwamba mwili umepata nafuu, kisha huogopa nafuu ile kana kwamba ni dhambi. Si dhambi, ni mwili uliochoka. Mtu huyo ahitaji kutembelewa mwezi wa pili na wa tatu, turubai likiisha kufunguliwa. Na watoto wa nyumba ile wasiambiwe kwamba mama amesafiri, maana mtoto aambiwaye hivyo hukaa mlangoni akingoja, na akijua baadaye, huacha kutuamini. Aambiwe kweli kwa maneno mepesi, akiwa ameshikwa mkono, naye aachwe alie pamoja na watu wazima.

Twajua kwamba mlango wa nyumba ya mgonjwa mara nyingine hufungwa kwa ndani. Wako wauguzaji wanaokataa msaada, kwa kuogopa masengenyo au kwa kuona fahari ya kujitosheleza. Kwao twawakumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Jirani akija na ndoo ya maji, mpokee. Kumruhusu mtu akusaidie nako ni kumpa heshima.

Basi, tufanye nini? Machela ina mikono minne, nasi twaona kwamba kazi ya kuuguza yaweza kugawanywa vivyo hivyo. Mkono wa kwanza ni usiku: watu wa mtaa wapeane zamu, ili mwuguzaji apate walau usiku mmoja katika wiki wa kulala mpaka asubuhi. Wa pili ni maji, kuni na jembe. Wa tatu ni safari ya hospitali, pamoja na mtu wa kusindikiza na nauli yake. Fedha zile zile tuchangazo upesi wakati wa mazishi, sehemu yake ichangwe mapema, maana nauli ya hospitali aghalabu ni ndogo kuliko gharama ya jeneza. Wa nne ni watoto wa nyumba ile, wasiache shule.

Na kwetu sisi walimu wa dini liko jambo dogo tuwezalo kulianza Jumapili ijayo. Kila kigango kina daftari ambamo twaandika majina ya wagonjwa, ili Padri ajue nyumba za kuzuru. Daftari hilo lina safu moja. Tupige mstari tuongeze safu ya pili, na mbele ya kila jina la mgonjwa tuandike jina la yule amwuguzaye. Padri akisha kumpa mgonjwa Sakramenti, na amgeukie mwuguzaji pia, amwulize kwa jina lake halisi: Nawe, hujambo? Umekula? Nani atakaa hapa usiku wa leo?

Mwuguzaji akijibu kwamba hakuna, Padri asiondoke kabla mtu mmoja wa mtaa hajaitwa.